Kidole cha Shahada na Boga la Juu ya Paa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kidole changu hiki cha shahada kilishtakiwa kwa kuua maboga. Sitanii. Aliyekishtaki ni mama yangu mzazi, juu ya paa la ghorofa tulilopanga Xiaobei, Guangzhou, na shahidi wake alikuwa bibi wa Kichina asiyejua hata neno moja la Kiswahili.

Miaka ile mji ulikuwa unajengwa kila upande. Unalala mahali pakiwa wazi, unaamka ghorofa limeota. Baba alikuwa dalali: anawapeleka wafanyabiashara wa nyumbani kununua midoli na madaftari kwenye maduka ya Yide Lu, kisha anafuata mizigo kwenye maghala ya Sanyuanli mpaka kontena lifungwe. Mimi shule sikupata. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye makatoni ya baba, ndiyo maana mpaka leo sijui kupindisha maneno.

Mama alikuwa mtu wa Lushoto, milimani, mtu wa jembe. Mwaka huo mimba ilimtoka, ya pili tangu tufike China. Hakulia sana, ila kuna neno lilimpotea mdomoni. Zamani ukimwuliza hali anajibu, "Alhamdulillahi." Sasa ukimwuliza anajibu, "Nipo." Kuswali aliswali, lakini akishatoa salamu anakunja mswala palepale, hana dua, kama mtu aliyebisha hodi mpaka akachoka.

Siku moja akafungua pindo la khanga, akatoa mbegu za boga.

"Mama Zubeda, hizo umezipitishaje uwanja wa ndege?" baba akashangaa.

"Nani atanifungua khanga mimi? Niletee udongo. Nazipanda juu ya paa. Likishika hata boga moja, nakaa. Yakikataa yote, mimi na mtoto tunarudi Lushoto, wewe baki na makontena yako."

Baba akacheka. Mama hakucheka, na hapo mimi nikaogopa, maana nilikuwa nawataka wote wawili, tena nyumba moja.

Udongo baba aliuokota kwenye mashimo ya wajenzi, akaujaza kwenye maboksi meupe ya samaki. Ulikuwa mwekundu na mgumu kama matofali. Mchicha ulitoka ukaungua. Bamia zikadumaa, zikafa zimesimama. Vumbi la saruji lilishuka kutwa, na mama alikuwa anapangusa majani kwa kitambaa kibichi, jani moja moja, kama anamfuta mtoto uso. Boga peke yake ndilo lililokataa kufa. Likatambaa, likadandia kamba za kuanikia nguo, likachanua maua ya manjano, mengine yana vitoto vya boga nyuma yake. Tukafurahi. Halafu kile kitoto kinageuka njano, kinalegea, kinadondoka. Kingine hivyohivyo. Na kingine.

Kwenye paa lile, yule bibi wa Kichina aliyekaa chini yetu alikuwa na mabeseni yake ya vitunguu vya majani. Tulimwita Popo, ndivyo wenyewe wanavyowaita bibi zao, na mimi nililicheka jina hilo mpaka nikafinywa. Siku hiyo nikaona kitoto kipya nikapiga kelele: "Mama, kile pale!" Kidole nimekinyoosha. Kabla sijamaliza, Popo kanichapa mkono, paa!

"Mhou! Mhou!" Yaani usifanye hivyo. Akakikunja kidole changu kikawa ngumi, akaielekezea ngumi ile kwenye boga, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Kisha akakinyoosha cha kwake, akafanya kama kitu kinadondoka na kufa.

Mama akabaki kinywa wazi. "Lo! Kumbe hata huku? Kwetu Lushoto boga changa halinyooshewi kidole. Linaona haya, linaanguka. Huyu bibi kafundishwa na nani?" Wakashikana mikono wale wawili, wanacheka, hakuna anayemwelewa mwenzake. Tangu mimba itoke sikuwa nimemsikia mama akicheka. Raha yangu haikudumu, maana alinigeukia.

"Kwa hiyo ni wewe. Yote yale ni wewe."

"Si mimi! Nimeonyesha hili moja tu!"

"Nyamaza. Watu mdomo huwaponza kichwa, wewe kidole kinatuponza nyumba nzima."

Mimi nikisingiziwa nachemka, nilizaliwa hivyo. Lakini kilichonimaliza nguvu ni kwamba lile nililolionyesha kweli lilianguka. Nikakitazama kidole changu. Ndicho hikihiki baba alichonifundisha kukiinua kwenye tahiyatu, kushuhudia kwamba Mungu ni mmoja. Kiwezeje kumshuhudia Mungu alfajiri, mchana kikaue? Nikamwuliza baba.

"Ushirikina huo. Boga lina macho? Usisikilize mambo ya milimani."

Ila alipopanda juu kuangalia, nilimwona anamwonyesha mama maua kwa kidevu, mikono yote mfukoni.

Likabaki ua moja lenye kitoto. Mama akaanza kukunja nguo zetu kwenye begi. Asubuhi hiyo nilipanda paani peke yangu nikiwa na hasira za kuonewa. Nikayaendea yale maua yasiyo na kitoto, nikayachoma kidole moja baada ya jingine, "Wewe! Na wewe! Na wewe!" mpaka kidole kikawa cha manjano kama nimeshika bizari. Kisha nikalifikia lile la mwisho. Lilikuwa wazi kabisa. Nikakichomeka kidole mpaka ndani. "Haya, kufa, tujue moja!"

Nikashuka nikasema palepale. "Mama, lile la mwisho nimelinyooshea kidole. Tena nimelichoma."

Nilitegemea kofi. Mama aliketi juu ya begi tu. "Zubeda, umetumaliza," akasema, tena kwa sauti ya chini. Bora angenipiga.

Tukawa tunasubiri lidondoke. Halikudondoka. Likanenepa, likawa la kijani, na kamba ikaanza kulemewa. Popo akalifunga uzi mwekundu kikonyoni. Mama akalifunga kipande cha khanga, likaning'inia kama mtoto kwenye mbeleko. Asubuhi moja nilimkuta analipangusa nikamwuliza, "Mama, umeamkaje?"

"Alhamdulillahi," akajibu, kisha akashika mdomo, kama neno limempita bila ruhusa. Siku hiyo begi lilirudi juu ya kabati.

Tulilipika kwa nazi ya kopo, Popo akashuka na kijiko chake mwenyewe. Baba alisema ni dua zake za Ijumaa. Popo alionyesha uzi wake. Mimi nilikuwa sielewi kitu.

"Mama, kwa hiyo kidole hakiui?"

"Kinaua."

"Sasa hili?"

"Zubeda, kula boga."

Nimekuja kusoma ukubwani, mwenyewe, kwenye kitabu cha kilimo, kwamba ua la boga lenye kitoto halishiki mpaka lipate vumbi la ua dume, lile lisilo na kitoto, na kazi hiyo ni ya nyuki. Kule juu, kwenye saruji ile, sikuwahi kuona nyuki. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Nikampigia simu mama, sasa yuko Lushoto na uzee wake.

"Mama, ni mimi! Kidole changu ndicho kilichoshikisha lile boga. Nilifanya kazi ya nyuki. Si dua, si uzi, ni hasira zangu tu!"



"Na hasira zile," akauliza, "ulipewa na nani?"

Ninachojua ni hiki: nikimwonyesha mwanangu boga changa, nakunja ngumi. Akiniuliza kwa nini, namwambia kweli kwamba sijui. Na nikiketi kwenye tahiyatu, zamu ya kidole ikifika, hukitazama kwanza kama bado kina manjano, ndipo nakinyoosha.