Mchele wa Baba Umo Ndani ya Utafiti Wangu

Admin, ukiiposti hii nifichie jina, maana Kariakoo tunafahamiana na baba yangu anajulikana mtaa mzima.

Mimi ni binti wa miaka 27, nasoma shahada ya pili ya kemia hapa hapa Dar. Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka nafuu, ni ule wa kukaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, umesahau ulikuwa unaenda wapi.

Baba ni fundi betri. Alianza zile enzi biashara ilipoachiwa huria, magari na redio za nje zikamiminika mjini, na hajawahi kufanya kazi nyingine. Nilipokuwa darasa la sita asidi ya betri ilimrukia, jicho la kushoto likafa. La kulia nalo sasa lina ukungu, na daktari amemwambia akae mbali na asidi. Jibu lake ni moja tu: "Acha kwanza huyu amalize chuo, nitapumzika." Huyu ni mimi.

Ndiyo maana nikachagua kutafiti betri isiyo na maji ya kumwagika. Pale asidi inapokaa, mimi naweka utando laini wa polima, jamii ya plastiki, uliochanganywa na chumvi fulani ambayo yenyewe ni kimiminika bila kutiwa maji. Utando ukipitisha chaji vizuri, hakuna kitu cha kumrukia mtu machoni. Shida ni kwamba chumvi hiyo inavuta unyevu kupita kiasi, kwa hiyo utando lazima ukaushwe kabisa kabla ya kupimwa.

Masika iliyopita oveni ya maabara iliharibika. Nikarudi nyumbani na tando zangu, nikamlalamikia baba. Akacheka.

"Msomi mzima unahangaika na unyevu? Tia kwenye mchele. Simu zinatumbukia chooni hapa, tunazitia kwenye mchele, zinapona."

Akanipa kopo la aiskrimu limejaa mchele. Moyoni nilijua haitoshi, ila nilikuwa hoi na nilitaka mtu aniambie cha kufanya. Siku tatu baadaye nikapima, na utando ukapitisha chaji kuliko wowote niliowahi kuusoma. Msimamizi wangu alinipa mkono mara mbili. Baba akatangaza hadi kwa Bhai wa duka la spea jirani yake: "Binti yangu katengeneza betri isiyomwagika, na mchele wangu umo."

Mwezi uliopita oveni ikatengenezwa. Nikazikausha tando zilezile sawasawa, nikapima tena. Zimeshuka vibaya, ni za kawaida kabisa. Nimerudia mara nne. Mchele wa masika ulikuwa na unyevu wake, utando ukaunywa, na ni maji yale yaliyokuwa yakisaidia kupitisha chaji. Sikugundua chochote. Simlaumu mzee, anayesoma kemia ni mimi.

Alhamisi ijayo natetea utafiti wangu na hakuna anayejua. Nikisema, naanza vipimo upya, mwaka mzima mwingine, na baba naye mwaka mzima mwingine kwenye asidi na hilo jicho moja. Nikinyamaza, napita, anapumzika, na mimi nabaki na uongo wenye jina langu juu yake. Roho inanisuta kila nikifungua kitabu cha utafiti wangu.

Jana nilijikaza nimwambie. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitika, "Marahaba, kaa hapo," kisha akatoa kopo lilelile. Amelijaza mchele mpya, ameuchagua mwenyewe, sinia ameliinua karibu na uso maana haoni vizuri.

"Ile utakayowaonyesha walimu wako itie humu," akasema, "isije ikalowa."

Nikasema asante baba. Nikalibeba kopo, nikaondoka nalo.

Kopo liko hapa miguuni pangu ninapoandika. Ndugu zangu, mngekuwa mimi Alhamisi mngeingia mle ndani mkasema nini? Nishaurini, ila mzee wangu msimguse.