Mabano Matano ya Mtaalamu

Nimefanya kazi na watu wengi wasiojua wanachofanya, na karibu wote nimewasamehe. Yule mtaalamu wa Kemambo sijamsamehe. Nikiri mapema kwamba nilimdharau tangu siku ya kwanza, kabla hata hajanipa sababu. Alivaa kizibao cha kung'aa, kile cha wafanyakazi wa barabarani, akiwa amekaa ofisini, mahali ambapo kitu pekee kilichoweza kumgonga ni mlango wa kabati.

Miaka hiyo dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Mgodi wa pale kijijini Kemambo ulikuwa unapanuka, na kampuni moja ndogo ya upimaji ilipewa kazi ya kuorodhesha kaya zitakazohamishwa kutoka ukingoni mwa shimo na kupewa viwanja vyenye nyumba mpya. Mtaalamu ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Mimi nilikuwa karani wa kuingiza taarifa kwenye kompyuta, binti wa kijiji cha Nyarero. Kazi hiyo nilifundishwa Sirari na binamu yangu wa upande wa Kenya, ambaye alikuwa na kibanda cha kuchapa barua. Somo lake kubwa lilikuwa fupi. "Ukiandika fomula, fuata rangi ya mabano. Kila bano na mwenzake wana rangi moja. Usibahatishe, dada."

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane mwenye wana watatu. Nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na shimo, na kila walipolipua miamba ukuta uliongeza ufa. Kila jioni, nikishamwamkia shikamoo, aliniuliza swali lilelile.

"Mwanangu, jina langu limo?"

"Limo, mama."

"Usije ukaniacha nikalala chini ya ukuta huu."

Nilimwahidi kwamba sitamwacha, na nilisema kwa roho nyeupe.

Masharti ya kupata kiwanja yalieleweka hata na mtoto. Kaya iwe imekaa pale muda mrefu. Mkuu wa kaya awe mwanamume, au kama ni mwanamke, awe mjane au awe na nyumba ntobu. Hilo la mwisho wazee wa kijiji walilidai wenyewe, kwa sababu kwetu mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mke, na watoto wa mke huyo huwa wa nyumba yake. Mama mwenye nyumba wangu hakuwahi kuoa mke. Ana wana watatu, aoe wa nini?

Mtaalamu aliandika fomula yake ya kuamua kaya ipi NDIYO, ipi HAPANA, Alhamisi asubuhi, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake. Kompyuta ikaikataa. Akaandika tena, ikakataa tena. Ndipo akafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nacheka kwa hasira: akaanza kuhesabu mabano kwa kidole kwenye kioo, kama mchungaji anayehesabu mbuzi. Ya kufungua yalikuwa matano, ya kufunga manne. Akatafuta penye nafasi, akachomeka la tano baada ya neno mjane. Kompyuta ikakubali. Akaegemea kiti, akakunja mikono.

Lakini mimi niliona. Kishale kilipopita juu ya lile bano jipya, bano la kufungua lililokuwa kabla ya "mjane" lilikoza rangi, likajitambulisha kuwa mwenzake. Maana yake lile sharti la mjane lilifungwa peke yake, na nyumba ntobu ikabaki nje kama sharti jingine la lazima. Kuanzia hapo kila mjane alitakiwa awe ameoa mke. Asiyeoa, hapana.

Nilifungua mdomo. "Mzee, hayo mabano..."

"Binti," akasema bila kugeuka, "mimi nimeanza kazi hii wewe uko shule ya msingi. Kalete chai."

Nikaleta chai, na nikauchuna. Nilijua Jumatatu orodha ingesomwa mbele ya serikali ya kijiji, nikajiambia acha akaumbuke mbele ya wazee, wamuulize tangu lini wajane wa Kemambo wanalazimishwa kuoa. Niliiona aibu yake waziwazi na nikaifurahia. Jioni hiyohiyo nikaitwa nyumbani Nyarero kwenye msiba wa baba mdogo, nikakaa wiki nzima. Sikumtumia mtu yeyote ujumbe.

Kumbe hakusubiri Jumatatu. Ijumaa mchana, akitaka kuonekana mchapakazi, aliichapa orodha akaibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na chini yake akaandika kwamba marekebisho yanapokelewa kwa siku saba tu. Wanawe wakamsomea mama mwenye nyumba jina lake: HAPANA. Akauliza wanawake waliopata ni akina nani. Wote walikuwa wajane wenye nyumba ntobu. Watu wakalijadili pale ubaoni wakaafikiana kwamba mgodi sasa unataka kila mama mkuu wa kaya awe na mke, na kama ndiyo masharti, ndiyo hayo. Mama hakuwa mtu wa kulia mbele ya ubao. Alitoa ng'ombe, akaenda kuoa kijiji cha Itiryo.

Niliporudi nilimkuta msichana uani anasugua sufuria. Alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka uleule.

Nilitoka mbio hadi ofisini. Nilimwondoa mtaalamu kwenye kiti chake, kwa mara ya kwanza sikuomba ruhusa, nikalihamisha bano mahali pake. Wajane wote wakageuka NDIYO. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilipomweleza kuhusu yule msichana, akakung'uta kizibao chake. "Si amepata wa kumsaidia kazi?" akasema. Nilitamani kumzaba kibao. Ila mtu huyo hakujua alichokifanya, na mimi nilijua tangu Alhamisi.

Jioni nilimweleza mama kila kitu. Alinisikiliza akiwa ameshika ukuta.

"Uliliona siku ileile?"

"Niliona, mama."

Hakunitukana, na heri angenitukana. Akasema tu kwamba ng'ombe wameshagawanywa kwa wajomba wa msichana, baba yake hawezi kuwarudisha, kisha akaingia ndani.

Msichana alikuwa amesikia yote. Akaja na ndoo yake, akaniamkia shikamoo ingawa sikumzidi miaka mingi.

"Dada, kama jina la mama limerudi, mimi narudi kwetu lini?"

Nilimwambia akamuulize mama, nikaingia chumbani kwangu nikafunga mlango.