Una Saa Ngapi?

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa Kidato cha Pili, na niliiharibu kwa neno moja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya msaidizi wa kiranja wa kengele. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye boriti ya baraza la ofisi, inapigwa kwa kipande cha nondo. Ukiipiga vizuri inasikika hadi kule chini kwa akina mama wanaokaanga samaki. Kiranja aliyekuwa mkubwa wangu alikuwa anaumwa siku hiyo, basi nikasimama peke yangu chini ya ringi huku shule nzima iko mstarini. Mwalimu wa Zamu, yaani mwalimu anayeishika shule kwa wiki hiyo, akanigeukia.

"Una saa ngapi?"

Jana yake nilikuwa nimeambiwa kwamba msaidizi wa kengele lazima awe na saa yake mwenyewe, na Mama alikuwa ameninunulia moja mnadani, nyeusi, ya namba. Nikadhani ananikagua vifaa.

"Moja, mwalimu."

Akainua uso akalitazama jua. "Moja? Jua hili?"

Mstari mzima ukacheka. Mimi ni mtu wa haya. Mbele za watu sauti yangu hukimbia ikaniacha nimesimama. Sikuweza kueleza, nikanyoosha mkono tu. Mwalimu akasoma, akatoa sita kichwani, akaona ni saa mbili na dakika zake, na hapo ndipo alipoelewa nilichokuwa nimejibu. Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu asubuhi hiyo jina langu shuleni ni Saa Moja, na wapo wanaodhani ndilo nililopewa na wazazi.

Nimestaafu mwezi huu. Najua kustaafu ukiwa na miaka kumi na saba kunachekesha, lakini kazi niliifanya kweli na nimeiacha kweli, maana sasa niko Kidato cha Nne na tunatakiwa kusoma tu. Naandika kwa ajili yenu mtakaoishika nondo baada yangu, kwa sababu kuandika nakuweza kuliko kusema. Tena nilikuwa na jambo la kuamua. Katika kazi hii nilijikusanyia saa sita, na Mama aliniambia kopo la biskuti ninamozitunza lisikae tena nyumbani limejaa vitu vinavyolia. Nibaki na ngapi, na za aina gani? Mkiona ni swali dogo, subirini mpate saa ya pili.

Kwanza niwaeleze saa ya namba, maana ndiyo wengi mtaanza nayo. Hiyo haina mishale. Inahesabu kutoka sifuri hadi ishirini na tatu, na sisi tunatoa sita. Ikiandika kumi na tatu, ni saa saba mchana. Ikiandika nane, ni saa mbili asubuhi. Mwanzoni nilikuwa natoa kwa vidole mgongoni ili watu wasione. Baada ya muda mkono unajua wenyewe. Uzuri wake ni kwamba haichoki. Ubaya wake, huku kwetu Sudi chumvi ya hewani inaingia kwenye vitufe vikaganda, na ukitaka kuirekebisha unabonyeza mpaka unalia.

Kidato cha Tatu nikapandishwa kuwa kiranja kamili. Hapo saa zilianza kuja zenyewe. Mtu akishaitwa Saa Moja, watu wanaona ni vizuri kumpa saa. Mjomba, kaka yake Mama, anayenunua pweza na kuwapeleka Lindi, alinipa saa yake ya ufunguo, ile ambayo kila asubuhi unakizungusha kile kichwa kidogo cha pembeni mpaka kikatae. Akaniambia, "Hii haitaki betri, inataka mtu asiyesahau." Ilikuwa inachelewa siku za mvua, lakini kwa kiasi kilekile kila mara, kama mtu anayejulikana kwamba atafika baada ya salamu.

Niseme ukweli kuhusu kitu kimoja ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Nilizipenda saa kwa sababu ya watu. Ukiwa na saa mkononi, mtu yeyote njiani anakuuliza saa ngapi. Wewe huna haja ya kuanza mazungumzo, yanakuja yenyewe, na jibu unalo tayari, na ukishajibu mtu anakuambia ahsante. Kwa mtu kama mimi hiyo ni siku nzuri. Kwa hiyo kila saa iliyoongezeka niliona kama nimeongezewa watu. Ndiyo maana kuamua kulikuwa kugumu.

Wakubwa wangu walinishauri, kila mmoja la kwake. Makamu Mkuu wa Shule alikuwa mtu wa mpangilio, hata chaki zake zilipangwa kwa urefu. Aliponiona nina ya namba mkono wa kushoto na ya ufunguo mfukoni, hakupenda.

"Saa za kazi ziwe sare," alisema, "kama ninyi mlivyo sare. Ukiwa na mbili zinazofanana, moja ikikosea nyingine itakuambia."

Niliona ana hoja. Shangazi alipokuwa anajiandaa kuja kutoka Dar es Salaam na kuniuliza anifungie zawadi gani, nikamwomba saa mbili pacha, za mishale, za betri, uso mweupe. Akaleta. Zilikwenda pamoja vizuri hata nikaanza kumdharau Mjomba na ufunguo wake. Kisha, wiki ya majaribio ya nusu muhula, zote mbili zikasimama usiku, mishale ikiwa penye saa ya mapumziko. Betri zilitoka pakiti moja, zilianza kazi siku moja, zikamaliza pamoja. Saa ya namba nayo ilikuwa vitufe vimeganda, inaonyesha tarehe tu, haitaki kurudi. Pacha zilikubaliana kabisa, ndiyo, lakini zilikubaliana katika uongo, na mimi nikapiga kengele ya mapumziko wakati wapishi hawajauwasha hata moto wa uji. Iliyonitoa siku hiyo ni ya Mjomba, niliyokuwa nimeijaza asubuhi kwa mazoea tu. Nilipomsimulia, Mjomba hakunicheka. Aliuliza pacha zinakula nini. Nikasema betri. "Sasa ukiwa na watoto wawili, na duka la chakula chao ni moja, likifungwa?"

Hilo lilinikaa. Saa mbili za kazi zisile chakula kimoja. Moja ile betri, nyingine ile mkono wako.

Ila nilivyo, nikilipata wazo nalimaliza. Nikaanza kutafuta kila aina. Mke wa Mjomba alikuwa na saa ndogo ya mezani inayoadhini, nikaiomba. Hapo zikawa tano. Kila asubuhi nilizipanga barazani chini ya ringi, na kila moja ilikuwa na lake. Moja imetangulia, moja iko nyuma, pacha zilizotiwa betri mpya sasa hazielewani, na mimi nimeinama nazisuluhisha. Siku moja ile ya adhana ilianza kuadhini Makamu akiwa katikati ya hotuba kuhusu ada. Waislamu wakatulia, Wakristo wakatulia, Makamu naye akatulia, akangoja mpaka ikamaliza, na ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu wa Nidhamu, ambaye hakuwahi kunipiga wala kunisifu, alikuja taratibu akatazama maonyesho yangu.

"Saa Moja, wewe una saa nyingi kuliko soko zima la Lindi. Na kengele imechelewa."

Ni kweli, ilikuwa imechelewa. Nilikuwa nasuluhisha.

Ya sita ilikuja likizo, kutoka kwa Bibi. Bibi ni mama yake Mama, analima korosho huko juu Rondo, ambako asubuhi kuna ubaridi na hakuna chumvi, kwa hiyo saa yake ilikuwa bado inang'aa kama mpya. Babu alimnunulia mwaka ambao korosho zilikubali. Macho ya Bibi sasa yana ukungu, haoni tena mishale, akanivalisha mwenyewe huku akipapasa mkanda.

Saa hiyo imewekwa Kiswahili. Saa nyingine zote, ikiwa saa moja asubuhi, mshale mfupi uko kwenye saba, na sisi tunatazama saba tunasema moja, tumezoea. Ya Bibi, ikiwa saa moja, mshale uko kwenye moja. Bibi alijifunza tarakimu kwenye uso wa saa hiyohiyo, hakupata kwenda shule. Babu alipotaka kuiweka kama za wengine, Bibi alikataa. Alimwuliza, "Nitazame saba niseme moja? Huo si uongo?" Akaniambia nami, niivae popote, nisiigeuze.

Muhula ulipofunguliwa nilikwenda nayo shuleni. Ilikuwa wakati wa moko, ule mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, na mimi, nikiwa bado Kidato cha Tatu, nikapangiwa kengele ya ukumbini, kazi kubwa kuliko zote katika utumishi wangu. Msimamizi alitoka shule nyingine, mtu mrefu asiyecheka. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, betri imevuja. Akaniita anione nina nini, akaushika mkono wangu na kutazama saa ya Bibi. Watahiniwa walikuwa wameshakaa, kimya, wanatusikiliza. Mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili.

"Binti, hii inaonyesha saa nane. Imesimama tangu jana mchana. Wewe ndiye utakayewapigia hawa kengele?"

Nilijua anachofikiri. Angenitoa, angemweka mtu mwingine, na angekuwa na haki, kwa sababu wale wote walikuwa wanategemea dakika. Nilitafuta sauti yangu, na sijui siku hiyo ilikuwa wapi, lakini ilikuja.

"Haijasimama, mwalimu. Inasema Kiswahili."

Akaitazama tena. Akaona mshale wa sekunde unatembea. Mtu mmoja nyuma akacheka puani, na yule Msimamizi, nilidhani atakasirika, akasema polepole kwamba mama yake naye alikuwa nayo ya hivyo, na kwamba alikuwa hajaiona ya namna hiyo miaka mingi. Kisha akaniachia mkono, akasema neno ambalo limenisaidia kuamua kuliko ya wakubwa wote.

"Hiyo ni yako. Hapa mezani weka ya watu."

Nikatoa ya namba, ambayo Mjomba alikuwa ameizibua vitufe kwa mafuta ya nazi, na ile ya ufunguo. Nikaziweka mezani mahali pa kuonekana. Mtihani ulikwisha bila mtu kulalamika.

Basi uamuzi wangu ni huu, na mnaweza kuupinga. Saa za kazi ziwe mbili, ziwe tofauti kwa chakula lakini zisomwe na kila mtu. Zikizidi hapo unakuwa hakimu badala ya mpiga kengele. Zikifanana sana zinakuangusha siku moja. Na saa ambayo ni yako hasa haihitaji kufanana na kitu chochote, ila usiipeleke mezani. Mwishoni mwa utumishi, Makamu aliniita ofisini akaniuliza, "Utatuachia saa ngapi?" Nikamjibu, "Mbili, mwalimu," na safari hii hakuna aliyetazama jua. Nimemkabidhi Mwanahawa wa Kidato cha Pili ya namba na ya ufunguo. Nimemwonyesha namna ya kuijaza bila kuilazimisha, na mafuta ya nazi nimemwachia kwenye kichupa. Mjomba amekubali, alisema ilikuwa imeshahamia shuleni siku nyingi. Pacha moja anavaa Mama, nyingine nimempa rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Ya adhana imerudi kwa mwenyewe.

Nilipomaliza kuzigawa niliogopa kidogo. Nilipita sokoni na ya Bibi peke yake, nimeshusha mkono wa sweta ukaifunika, na hakuna aliyeniuliza saa. Nikafikiri, haya, ndiyo imekwisha. Halafu mama mmoja wa samaki akaniita, "Saa Moja, mbona siku hizi kengele hupigi wewe? Yule mwenzio anaipiga kama anafukuza ng'ombe." Tukaongea mpaka samaki wakaiva, na hakukuwa na saa yoyote katika maneno yale.

Likizo hii niko Rondo. Asubuhi hii tumekaa uani mimi na Bibi, yeye anachambua mbaazi kwa vidole, mimi naandika. Alikuwa amesikia kwa Mama kwamba nimezigawa.

"Mjukuu wangu, sasa una saa ngapi?"

"Moja, Bibi."

Akainua uso, akaliacha jua limguse shavuni upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Moja? Jua hili? Hii itakuwa nne."

Nikaanza kueleza, halafu nikaacha. Nikaitazama saa yake mkononi mwangu. Mshale ulikuwa kwenye nne, umesimama sawasawa juu yake, sikuwa na cha kutoa.

"Nne, Bibi."

"Basi bado mapema," akasema, akanisogezea ungo. "Kaa."