Nilipakia nguo zote za harusi kwa sutikesi moja bila kunyanzi hata moja, tukashindwa kutembea

Wakuu, hamjambo.

Nimepita hapa nikakuta vijana wanagombana. Wengine wanasema nguo za safari zirolwe kama mkeka, wengine wanasema zikunjwe, na kuna mmoja ameshaanza kutukana wazazi wa mwenzake juu ya shati. Mimi sina upande. Nina kisa tu.

Ni cha kweli. Dada yangu Dorika bado yuko hai na ana simu, kwa hivyo nikiongeza chumvi hata kidogo atanipigia kabla hamjamaliza kusoma.

Mjue kwanza nilikuwa nani. Ni miaka ya hamsini ikielekea mwisho. Tunaishi kwenye shamba la mzungu huko juu Molo, Baba anachunga kondoo wake, Mama anachuma maua ya pareto. Sisi ni watu wa Magharibi, tulifika huko kufuata kazi. Mimi peke yangu pale shambani ndiye nilikuwa msichana wa shule ya misheni ya kulala, na huko tulifundishwa mambo ya nyumbani: kuoka keki, kupiga pasi, kupakia nguo za safari.

Wakuu, ile elimu ilinipanda kichwani. Nikirudi likizo nilikuwa nasahihisha hata vile Mama anakunja blanketi. Nilikuwa na miaka kama kumi na saba, ule umri mtu anajua kila kitu. Leo nikikutana na huyo msichana njiani nitamzaba kofi.

Basi Dorika akapata mchumba. Eliakimu, kijana wa Nakuru, baba yake fundi wa reli. Walikaa kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa reli tulizoziita landi. Simiti chini, maji ya mfereji, taa ya umeme barabarani. Kwetu sisi hiyo ilikuwa Ulaya.

Shida ilikuwa mama yake. Mama Eliakimu alikuwa mwanamke mrefu, msafi, wa kanisa, na hakupenda mtoto wake aoe shambani. Maneno yake yalitufikia kabla hatujamjua sura. Alikuwa amesema, "Hao watu wa mashamba watatujia na magunia kwa kichwa na kuku kwa kwapa."

Dorika alilia siku mbili. Kisha akaniita nje kwa zizi.

"Trufena," akaniambia, "mimi nitakaa na huyo mama maisha yangu yote. Akinicheka siku ya kwanza, atanicheka mpaka nizeeke. Tafadhali tufike kama watu."

Kufika kama watu maana yake ilikuwa hakuna gunia, hakuna kikapu. Sutikesi moja. Mwalimu wa kanisa alikuwa nayo, ya kadibodi ngumu ya rangi ya kahawia, akatuazima. Ndani yake ilibidi ziingie nguo za bibi harusi, wasimamizi watatu (mimi na binamu zetu wawili), Mama na Baba. Na zitoke zimenyooka, kwa sababu hatungeomba pasi kwa Mama Eliakimu.

Nikasema, "Niachie mimi."

Hayo maneno, wakuu, yaogopeni mtu akiyasema.

Lakini hata maadui zangu wangekubali kwamba nilipakia vizuri. Hii sehemu chukueni bure. Koti la Baba nililigeuza ndani nje, bega moja ndani ya lingine, nikalilaza chini kabisa. Suruali yake niliiweka nusu ndani, nusu ikaning'inia nje, nikapanga vitu vingine juu, kisha ile nusu ya nje nikairudisha juu yake. Ukifanya hivyo goti halipati mkunjo, maana linazunguka nguo nyingine. Nguo za ndani nilizirola nyembamba nikazisukuma kwenye pembe. Soksi ziliingia ndani ya viatu, na kitambaa cha Mama kikaingia ndani ya kofia ya Baba ili isibonyee.

Lakini kabla ya kupakia chochote nilianza na magauni. Yote manne yalikuwa na marinda. Ndiyo ilikuwa fashoni, marinda kuanzia kiunoni hadi chini, na gauni la marinda likilaliwa vibaya linatoka kama kabeji.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba marinda hupigwa bandi kabla ya safari. Unayashikiza kwa uzi mlegevu, kwa mkono, mishono mirefu. Ukifika unavuta ncha moja na uzi wote unatoka.

Mlegevu. Kwa mkono. Hayo mawili niliyaacha shuleni.

Kwani Mama hakuwa na cherehani? Alikuwa nayo, ile ya kuzungusha kwa mkono, na niliona ni ujinga kukaa kutwa na sindano kama mtu wa zamani wakati mashine iko pale. Nikapitisha kila gauni mistari mitatu: mmoja kwenye nyonga, mmoja magotini, mmoja chini kwenye pindo. Mishono midogo midogo. Na mwisho wa kila mstari nikarudi nyuma na mbele, isije ikafumuka kwa gari moshi.

Nilipomaliza magauni bado nilikuwa na hamu. Nikachukua suruali ya Baba nikashona miguu yote miwili pamoja huko chini, ili isiteleze ikapoteza mstari wake wa pasi.

Mama akasimama mlangoni. "Na hizo utafungua saa ngapi?"

"Mama, hiyo ni kazi ya kuvuta tu."

Sutikesi ikakataa kufunga. Nikatafuta kitu cha kupunguza, nikaona mkasi wa Mama, ule mkubwa wa chuma, mzito bure. Nikautoa nikautundika kwa msumari. Dorika akakalia kifuniko, nikakaza mkanda, ikafunga. Nilijisikia mkubwa sana.

Tulipanda gari moshi Molo, daraja la tatu, mimi nimeipakata sutikesi magotini. Pale stesheni ya Nakuru Mama Eliakimu alikuwa anatungoja. Nilimwona akitazama nyuma yetu, akitafuta magunia.

"Mizigo mingine iko wapi?"

"Ni hii tu, Mama," Dorika akajibu.

Nyusi za yule mama zilipanda. Dorika akanifinya mkono kwa furaha. Hapo nilikuwa tayari nishajisamehe dhambi zote za maisha yangu.

Tulipewa chumba hapo landi. Jioni Dorika akataka kufungua sutikesi atundike gauni lake. Nikamkataza. Nilimwambia nguo zilizopakiwa kisasa zinaachwa zipumzike mpaka asubuhi. Hilo la kupumzika sikufundishwa popote, nilitunga papo hapo.

Asubuhi tukafungua.

Wakuu, hakukuwa na kunyanzi. Hata moja. Mama alipitisha kiganja juu ya gauni la Dorika akatikisa kichwa kwa kushangaa. Binamu zangu wakaniangalia kama daktari. Nikamkabidhi Baba suruali yake, akaenda nyuma ya pazia.

Tukasikia kishindo. Pazia likaanguka na Baba akaanguka nalo.

"Trufena!" akaita kutoka chini. "Hii suruali iko na mguu moja!"

Nikakumbuka ile bandi. Nikashika uzi nikavuta. Haukutoka. Nikavuta tena, kitambaa kikaanza kuja. Nikaomba mkasi, na kabla sijafunga mdomo nikauona mkasi wetu mbele ya macho yangu, umetulia kwa msumari Molo.

Binamu mmoja akasema tuombe nyumba ya pili. Dorika akakataa kabisa. Nyumba ya pili alikaa shangazi yake Eliakimu, na shangazi angeuliza mkasi ni wa nini.

Kulikuwa na wembe wa Baba wa kunyoa. Nikachukua wembe. Uzi nilikata kweli, lakini wembe ukateleza nikakata na suruali, juu kidogo ya goti, tundu la kupitisha yai.

Mama akaninyang'anya. "Huo wembe haugusi gauni ya mtoto wangu. Umesikia?"

Basi tukabaki na meno. Tuliinama wote, kila mtu na pindo lake, tukitafuna uzi kama panya. Tukafaulu kuondoa ule mstari wa chini. Wa magotini tulikuwa hatujaugusa tuliposikia nyimbo mlangoni. Shangazi zake Eliakimu walikuwa wamefika kuchukua bibi harusi.

Dorika hakunigombeza. Aliniangalia tu, halafu akainua mikono juu avalishwe. Afadhali angenipiga. Nilitaka ardhi inimeze mimi na elimu yangu.

Nguo zilitukaa vizuri ajabu, zimebana na kunyooka. Shida ni kwamba magoti yalikuwa hayaachani. Hatua yetu ilikuwa na urefu wa kiatu, si zaidi. Baba alitubeba mmoja mmoja akatuweka kwa pikapu kama mbao, na kwa ngazi za kanisa akatupandisha hivyo hivyo huku shangazi wakidhani ni desturi ya kwetu.

Kisha mlango wa kanisa ukafunguliwa.

Mimi na binamu tukatangulia. Kiatu. Kiatu. Kiatu. Nyuma yetu Dorika na Baba, na Baba amekamatia kofia mbele ya tundu. Kwaya wakaimba wimbo wa kuingia, wakaumaliza, tukiwa hatujapita benchi za nyuma. Wakaanza tena. Wakaumaliza tena. Mchungaji alikunja mikono, akaikunjua, akaangalia saa.

Sikuthubutu kutazama watu. Nilikuwa nahesabu vicheko ambavyo havijatoka. Niliona Mama Eliakimu kwenye benchi ya mbele, amegeuka mzima kututazama, na nikajua maisha ya dada yangu nimeyaharibu kwa cherehani.

Mwanamke mmoja mzee akapiga kigelegele. Mwingine akafuata. Nikasikia mtu upande wa kushoto akinong'ona, "Ona heshima ya hao watoto. Wanatembea kama hawataki kumwamsha Mungu."

Tulipotoka nje baada ya ibada, Mama Eliakimu alimshika Dorika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mimi nilifikiri mtakuja mkirukaruka kama mbuzi," akasema. "Nani alifundisha nyinyi kutembea namna hiyo?"

Dorika hakusita. "Ni huyu dada yangu. Alisomea."

Na mimi, wakuu, badala ya kunyamaza, nikaitikia kwa kichwa.

Kabla ya jua kutua wasichana wawili wa landi walikuwa wameniomba niwafundishe kwa ajili ya harusi zao. Niliwafundisha. Niliwafunga leso magotini nikawaambia ndivyo wanavyofanya shule. Sasa nyinyi mnaolalamika humu kwamba mmekaa kanisani njaa inawauma, bibi harusi anakuja kama kinyonga, hajafika hata nusu, siwezi kusema lilianzia wapi. Lakini nikiwa kwenye harusi ya namna hiyo huwa natazama chini.

Funzo nililopata: bandi ni ya mkono na iwe legevu, na mkasi usiachwe nyumbani hata kama sutikesi haifungi. Acha shati moja. Na mtu akisema "niachie mimi", usimwachie peke yake.

Kuna kitu kimoja sikukijua mpaka Baba alipofariki, miaka mingi baadaye. Tulikuwa tumekaa na Dorika baada ya mazishi nikamwomba msamaha kwa mara ya mia juu ya ule mwendo. Akashangaa. Akasema ile ndiyo sehemu ya harusi anayoipenda kuliko zote.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Aliondoka alfajiri, akarudi amechoka, na kutwa aliongea na kondoo kuliko na sisi. Dorika anasema hakumbuki kuzungumza naye peke yao utotoni hata siku moja. Lakini siku ile njia ilikuwa ndefu, na Baba akaishiwa na kunyamaza. Alimnong'oneza kutoka mlangoni hadi mbele. Alimwambia siku aliyozaliwa kulikuwa na baridi sana, akamfunga ndani ya koti lake la kazi. Alimwambia nyumba bila yeye itakuwa kimya.

Walipofika katikati akaona Dorika anatetemeka. Akamwinamia, akasema:

"Mama, kama umebadilisha nia, niambie tugeuke. Mimi sitakasirika. Lakini na hii mwendo tutafika Molo Jumatano."

Ndiyo maana bibi harusi alifika mbele anacheka. Mimi nilikuwa nimetangulia, sikuona.

Kama kuna mwingine humu ambaye nguo ilimshinda mbele ya watu, aandike hapa chini, nisiwe peke yangu. Nasoma zote, ila nipeni muda, naandika kwa kidole kimoja.