Farasi Kwenye Kamba ya Mwani

Siku ya bamvua, bahari ilipotoka mbali, mimi na mama tulikuwa tunavuna mwani wetu Jambiani. Nilifungua fungu moja kutoka kwenye kamba iliyotandazwa kwenye maji ya magotini, nikalitia guniani. Jani moja likanigeuzia jicho.

"Mama, huu mwani una jicho!"

"Kutwa huna neno, ukifungua mdomo ndiyo hayo?" Akachungulia guniani. Alikuwa farasi wa baharini, mdogo kama kidole changu, mkia kauzungusha kwenye shina, tumbo limemvimba.

"Dume hilo," mama alisema. "Kwao dume ndiye anayebeba mimba."

Jirani yetu, aliyekuwa anavuna kamba za pembeni, akacheka. "Mume wangu angeshakimbilia Pemba!"

Guniani angekufa kabla hatujafika pwani. Nilijaribu kumtoa, akazidi kushikilia. Basi mama akalichukua fungu zima, akalifunga tena kwenye kamba. Niliinama nikatazama majini. Mkia ukalegea, akapanda taratibu hadi shina la juu, pezi la mgongoni likitetemeka kama kope. Maji yakajaa hadi kiunoni, mama ananiita, na mimi bado natazama.