Jiwe Lililozaliwa na Moshi

Hebu ione baraza ya nyumba yetu Ifakara, saa nane mchana. Jiko la makaa liko chini, na mbele yake mtoto wa miaka mitatu amekalishwa kwenye kigoda, amefunikwa blanketi pamoja na jiko. Pindo moja limeshikwa na shangazi yangu Skola. La pili nimelishika mimi.

Nilipokuwa mtoto, homa haikuwa homa tu. Mtoto akianza kushtukashtuka, wakubwa walijua ni degedege, pepo wasilopenda kulitaja, wakamfukiza mtoto kwa moshi wa mavi makavu ya tembo. Tuliletewa mavi hayo na ndugu zetu wa Mang'ula, karibu na msitu wenye tembo. Siku ile mdogo wangu Festo alishtuka mara tatu, na mavi ya tembo yalikuwa yamekwisha.

Darini, hata hivyo, kulikuwa na kitu kingine. Baba Mdogo alikuwa mpagazi wa mlima Kilimanjaro, na aliporudi likizo alituletea kipande cha njano chenye sindano ndogo zinazometa. Alisema juu kabisa, ndani ya Kibo, kuna matundu yanayotoa mvuke wenye harufu kali, na kandokando yake ndiko vitu hivyo huota. Leo ningewaambia wanafunzi wangu kwamba ni salfa: gesi ya moto hutoka ardhini, ikikutana na baridi huganda mwambani. Bibi alikigeuza tu mkononi.

"Hili limezaliwa na moshi," alisema. "Lisisogee motoni. Litarudi kwao."

Shangazi alicheka. "Mama nawe! Jiwe lina miguu?"

"Cheka tu. Lina pumzi."

Akalifunga kwenye kitambaa na kulichomeka darini.

Siku ile Festo aliposhtuka, Bibi alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza mpunga uliokuwa juani. Shangazi alipanda juu ya kinu, akalichomoa jiwe.

"Tembo ni nini mbele ya mlima?" alisema, akilitupa juu ya makaa. "Hili litalifukuza hilo pepo."

"Shangazi, Bibi alisema..."

"Bibi alisema, Bibi alisema! Mdogo wako anatutoka, wewe unaniletea hadithi? Shika hapo, Vero. Usiachie."

Nikashika. Kupitia upenyo nikaona jiwe likiyeyuka juu ya makaa, likageuka jekundu kama asali nzito, kisha mwali mdogo wa bluu ukatambaa juu yake. Harufu ikaja, kama njiti zote za kiberiti zimewashwa mara moja. Macho yalinichoma. Festo akakohoa.

"Linatoka hilo," Shangazi alisema. "Usiachie!"

"Dada Vero," Festo aliita ndani ya blanketi. Akakohoa tena, mfululizo. Vidole vyake vikakwaruza blanketi pale pale nilipokuwa nimeshika, kitambaa tu kikitutenganisha. Kadiri alivyokwaruza, ndivyo nilivyokaza mkono. Nilikuwa mtoto mtiifu. Kisha vidole vikapunguza mwendo, vikatulia.

"Umeona?" Shangazi alinong'ona. "Ametulia."

Bibi alitokea kwenye kona ya nyumba, makapi ya mpunga nyweleni. Aliling'oa blanketi mikononi mwetu, akalipiga jiko teke, akakimbia na Festo hadi uani upande wa upepo. Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu. Bibi alimlaza kifudifudi kwenye mkono wake, akampiga mgongoni, mara moja, mbili. Tulisubiri. Nilihesabu hadi saba ndipo Festo alipovuta hewa, kwa sauti kama ya pampu ya baiskeli.

Hospitalini walisema ni malaria, na kwamba koo lilikuwa limeungua. Alikaa huko muda mrefu. Siku hizi analima mpunga wake Chita, na hakumbuki chochote.

Mimi nakumbuka. Sijawahi kumlaumu Shangazi. Alimpenda Festo, na hofu ilikuwa imemkaba kuliko moshi. Bibi alijua tabia ya jiwe lile bila kitabu, ingawa yeye pia aliyaamini mavi ya tembo hadi kufa kwake. Linalonisumbua ni mkono wangu. Niliambiwa nishike, nami nikashika vizuri.

Basi, msomaji wangu, nakuomba ukumbuke jambo moja: mtoto akikuita kutoka chini ya blanketi, funua kwanza. Maswali ya wakubwa utayajibu baadaye.