Jiwe la Anselmo

Watu wa Mbezi wananijua. Mie Tunu, Mama Raudha, nikikasirika nasema, nikifurahi nasema. Lakini hili la mpangaji wangu, Bi Margareta, limenifunga mdomo mwaka wa pili huu, na linaniuma.

Ni mjane wa Kimatengo, katokea Mbinga. Alipanga chumba cha uani na wanawe wawili, Albano na mdogo wake Anselmo, wachimba dhahabu kanda ya Ziwa. Watoto wa wenzie wakirudi safari huleta vitenge. Hawa walikuwa wanaletaga mawe. Yalijaa dirishani mpaka nikamwambia, mama, nyumba yangu si stoo ya ujenzi. Akacheka, akanivutia kigoda, akanipa somo ambalo sikuliomba.

Mawe yale yalikuwa meusi yenye ukijani, yamepitiwa na mstari mweupe. Alinieleza kama Anselmo alivyomweleza. Zamani sana lile jiwe lilikuwa uji wa moto uliotoka chini ya ardhi, ukapoa ukawa mwamba. Mwamba ukafukiwa, ukagandamizwa, ukapikwa upya bila kuyeyuka, hata ukageuka sura na rangi. Ardhi ilipojinyonga, ukapasuka. Kwenye nyufa yakapanda maji ya moto yaliyobeba madini ndani yake, na kadiri yalivyopoa yakashindwa kuyabeba, yakayaacha kwenye kuta za ufa, tabaka kwa tabaka, mpaka ufa ukajaa.

"Tazama birika lako," akaniambia. "Ule ukoko mweupe ndani umeupaka wewe? Maji ya kisima yanapita, yalichobeba kinabaki. Na huu mshipa ni hivyo hivyo. Hapa pembeni penye kutu, ndipo dhahabu hupenda kukaa."

Alikuwa anavipangusa vile vijiwe kila Jumamosi kwa kitambaa. Nilimtania sana.

Mvua za mwaka juzi duara lao likatitia. Duara ndilo shimo wanaloshukia. Albano alikuwa juu anavuta kamba, Anselmo alikuwa chini. Albano na wenzie walifukua mpaka kifusi kikaanza kuwatishia na wao, mwenye eneo akaamuru pafukiwe, pawe kaburi. Albano akarudi nyumbani na kamba.

Kwao, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huletwa udongo wa pale alipolala, ukazikwa, ndipo matanga yanaanuliwa. Bi Margareta akalala chini kwenye mkeka akisubiri. Albano hataki kusikia habari ya udongo. Kila siku wimbo ni mmoja: nitarudi, nitashuka, nitamtoa kwa mikono yangu. Yule mama alikonda. Mmoja ameshamezwa, na huyu aliyebaki analitaka shimo lile lile.

Siku moja akamwita mbele yangu. "Baba, niletee jiwe la mshipa ule tu. Tumzike mdogo wako. Tukishamzika, niapie hutashuka tena shimoni."

Albano akaapa, akapanda basi.

Mie nauza vitumbua karibu na stendi, mkabala na malundo ya kokoto na mawe ya ujenzi kutoka machimbo ya Lugoba, yanayoshushwa na malori. Asubuhi ile aliyorudi nilimwona anatoka stendi na begi. Hakuja kunisalimia. Alisimama kwenye lundo akiwa amenipa mgongo, akainama, akapekua, akaokota jiwe lenye mstari mweupe, akalipangusa kwa shati. Nikamwita. Alipogeuka machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mama Raudha, wamezungushia uzio, walinzi wamenifukuza hata kusogea sijasogea. Nitamwambia nini mama? Usiniumbue."

Nikageukia vitumbua vyangu. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Bi Margareta alilipokea jiwe kwa mikono miwili. Akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaligeuza, akapitisha kidole pembeni mwa ule mstari, taratibu. Akaliosha, akalivisha sanda. Katekista akaja, tukaenda makaburini, wakalizika, na Albano akalia mpaka akashikwa na wenzie. Matanga yakaanuliwa. Yule mama akarudi kitandani kwake, Albano akapata kibarua cha kupakia malori.

Wiki ile nilimkuta Bi Margareta anapangusa mawe yake dirishani. Nikakaa. Akanipa moja jeusi mkononi, wala hakuniangalia.

"Lile la kaburini lilikuwa la kijivu lenye uwekunduwekundu, linametameta," akasema. "Na mshipa wake ni mweupe mtupu, hauna kutu hata chembe. Lile ni la Lugoba, Mama Raudha. Anselmo alinifundisha mwenyewe."

Nikakosa pa kuweka uso. "Sasa mama, mbona ulilizika?"

"Ningelikataa, angerudi kulitafuta la kweli. Nilitaka kile kiapo." Akaweka kitambaa chini. "Usimwambie kama najua. Atasikia aibu, na mtu mwenye aibu haangalii anakokwenda."

Ndivyo nilivyo hapo katikati. Albano huniuliza kwa sauti ya chini kama mama amestukia, namwambia hajastukia. Mama huniuliza kama Albano ana amani, namwambia anayo. Novemba hii, siku ya kuwaombea marehemu, niliwasindikiza. Albano alimwagia kaburi maji, mama akapanga maua. Wakapiga magoti bega kwa bega juu ya jiwe la Lugoba, wakamwita Anselmo kwa jina, na kila mmoja akamfuta mwenzie machozi.